Kung'oa mti na kisiki chake kwa vifaa vya kukodi: mwongozo kamili

Kosa linalokula pesa za watu wengi kwenye kazi hii hufanyika dakika ya kwanza. Msumeno unawekwa chini kabisa, karibu na udongo, mti unaanguka, kiwanja kinaonekana cheupe, na kisiki kinabaki kimetulia ardhini bila pa kukishika. Miezi michache baadaye mwenye kiwanja anataka kuchimba msingi, na kisiki kile kinamgharimu kuliko mti wenyewe ulivyomgharimu.

Kwa hiyo amua kwanza kisiki utakitoaje, ndipo uamue mti utauangushaje. Shina likiachwa na urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, huwa mtaimbo uliokwisha kuchomekwa kwenye mizizi: ukilivuta kwa juu, nguvu ndogo inazaa msukumo mkubwa chini. Ukilikata usawa wa ardhi, mtaimbo huo umeutupa kwenye kuni.

Pima kabla ya kukodi chochote

Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye shina kwa usawa wa kifua, kisha gawa kwa 3.14. Mzunguko wa mita moja ni unene wa sentimita 32 hivi. Huo ndio mpaka tunaoupendekeza kwa mtu asiye na uzoefu: mti wa unene usiozidi sentimita 30, uliosimama wima, usioegemea kitu, wenye uwazi wa kuangukia. Mti mnene zaidi ya hapo, mti ulioinama sana, wenye shina lililopasuka, uliokufa na kukauka ukiwa umesimama, au ulio karibu na nyumba kuliko urefu wake, mwachie fundi wa kuangusha miti. Kisiki chake unaweza kukishughulikia mwenyewe baadaye. Mwambie tu akuachie shina la mita moja na nusu.

Urefu wa mti hupimwa kwa fimbo. Shika fimbo wima mbele yako, mkono ukiwa umenyooshwa, sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Rudi nyuma mpaka ngumi ilingane na shina chini na ncha ya fimbo ilingane na kilele. Pale uliposimama hadi kwenye mti ndio urefu wake, kwa makadirio mazuri ya ardhi tambarare. Eneo la hatari ni mara mbili ya umbali huo, kuzunguka pande zote. Mti wa mita 12 unataka watu wasiofanya kazi hiyo, kuku, pikipiki na watoto wawe mita 24 mbali.

Ujue mti ulio nao

Kila mti una tabia yake baada ya kukatwa.

Mkaratusi huchipua kwenye kisiki, na kwa kasi. Ukikata bila kuua au kung'oa kisiki, baada ya mwaka una kichaka cha fito badala ya mti mmoja. Zaidi ya hapo, shina lake hukua likiwa na mkazo ndani, hivyo hupenda kupasuka kwa urefu wakati wa kukatwa. Mwarobaini na mjohoro nayo huchipua vizuri sana, na mwarobaini unaweza kutoa machipukizi hata kwenye mizizi iliyojeruhiwa. Kwa miti hii mitatu, kukata na kusubiri kisiki kife chenyewe ni kujipa kazi ya kila msimu.

Msonobari haurudi. Ukiukata chini ya matawi yote ya kijani, umekwisha. Mnazi ni rahisi zaidi kuuelewa: una kichipukizi kimoja tu kileleni, kichwa kikiondoka mti umekufa, na hauna mzizi mkuu bali mamia ya mizizi myembamba inayotoka kwenye kitako. Kwenye mchanga wa pwani kitako hicho hutoka kwa sururu na subira. Ila gogo la mnazi usiliache lioze shambani, kwa sababu chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa makuti machanga, huzaliana kwenye magogo yanayooza na kuhamia minazi yako mizima au ya jirani.

Mwembe una mzizi mkuu unaokwenda chini sana, hivyo kuuvuta bila kuufikia mzizi huo ni kupoteza jasho. Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, vaa mikono mirefu. Na kama uzio wako ni wa minyaa, usiufyeke kwa msumeno wa mashine. Utomvu wake mweupe ukirukia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kata kwa panga taratibu, ukiwa na miwani iliyofunika macho pande zote, weka maji safi mengi karibu, na matawi yake usiyachome moto.

Ruhusa, nyaya, mabomba na nyuki

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya. Kwa Kenya, ofisi ya misitu ya kaunti. Hata mti uliopandwa na babu yako unaweza kuhitaji kibali, na kusafirisha magogo au mbao kwa barabara ni ruhusa nyingine kabisa. Miti ya asili kama mpingo, mvule na mninga usiiguse bila kibali, hata kama imeota ndani ya uzio wako. Unapokodi msumeno wa mnyororo, muulize mwenyewe karatasi za usajili. Ukikutwa na msumeno usio na karatasi, maelezo kwamba ni wa kukodi hayatakusaidia sana.

Waya wa umeme ukiwa ndani ya urefu wa mti, kazi isimame hapo. Nenda TANESCO au Kenya Power, waombe wakate umeme au wapunguze matawi wao wenyewe. Tawi bichi linapitisha umeme, na kamba yenye unyevu vilevile.

Chini ya ardhi tafuta vitu vitatu: bomba la maji, ambalo mitaani kwetu mara nyingi limefukiwa kina cha jembe moja tu, waya wa umeme unaokwenda kwenye banda au geti, na shimo la maji taka. Hili la tatu ndilo linaloua. Shimo la zamani lililofunikwa kwa zege jembamba au magogo haliwezi kubeba mashine, na wakati mwingine mizizi ya mti ndiyo imekuwa ikishikilia kuta zake. Waulize wazee wa mtaa, chunguza nyasi zilizo kijani kuliko nyingine, gonga ardhi kwa mtaimbo usikie kama inalia tupu.

Mwisho zunguka mti ukitazama juu. Ukiona tundu kwenye shina na nyuki wakiingia na kutoka, ita mtu wa kuwahamisha jioni. Mngurumo wa msumeno huwachokoza, na mtu mwenye mashine inayozunguka mkononi hawezi kukimbia salama.

Vifaa vya kukodi, na namna ya kuvikagua

Kwa mti mmoja wa unene wa sentimita 25 hadi 30 unahitaji: msumeno wa mnyororo wenye upanga (lile bapa la chuma linalobeba mnyororo) wa inchi 18 au 20; winchi ya mkono ya waya, ile yenye mpini wa kusukuma mbele na nyuma huku waya ukipita ndani yake, ya tani 1.6 au zaidi. Kapi moja la chuma linalofunguka ubavuni, lenye uwezo mara mbili ya winchi. Mikanda miwili mipana ya kunyanyulia mizigo. Na kamba nene ya mita 30. Vya nyumbani ni shoka, sururu, chepe, mtaimbo, panga, ngazi, kabari tatu za plastiki au mbao ngumu, na nyundo nzito.

Vya mwilini haviachwi: kofia ngumu, miwani, vifuniko vya masikio, glovu, buti zenye chuma mbele, na suruali ya kujikinga na msumeno. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani zinazonasa mnyororo na kuusimamisha. Suruali ya kawaida ya jinzi haifanyi kazi hiyo hata ukivaa mbili. Ikikosekana mahali unapokodi, afadhali ukodi fundi aliye nayo.

Msumeno ukaguliwe kabla hujalipa. Uwashe ukiwa chini, si mkononi. Achia mafuta uone kama mnyororo unasimama. Ukiendelea kuzunguka injini ikiwa taratibu, kabureta haijarekebishwa na mashine hiyo ni hatari. Sukuma mbele breki ya mnyororo, kile kikingio cha mbele ya mkono wa kushoto, bonyeza mafuta kidogo: mnyororo usizunguke kabisa. Elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha boksi, piga mafuta, uone mstari wa oili ukirushwa. Pasipo mstari huo oili haifiki, na upanga utaungua ndani ya dakika chache. Mnyororo uwe umekaza kiasi kwamba unauvuta kwa mkono wenye glovu na unazunguka bila kusita, lakini hauning'inii chini ya upanga.

Makali yanajulikana kwa vumbi lake. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vidogo kama mchele. Butu hutoa unga. Ukiona unga, nunua tupa ya duara, ya milimita 5.2 kwa mnyororo wa kipimo cha inchi 3/8, na noa kila jino kwa mapigo matatu ya kwenda mbele, pembe ya nyuzi 30, idadi ile ile kwa meno ya kulia na ya kushoto. Upande mmoja ukinolewa zaidi, msumeno utakata mkunjo na kujibana.

Winchi: nyoosha waya wote juani uutazame. Nyuzi zilizokatika, mikunjo iliyovunjika au sehemu iliyobonyea ni sababu ya kuukataa. Waya uwe wa unene ule ule ulioandikwa kwenye mashine, maana ule wa tani 1.6 hutumia waya wa milimita 11 hivi na mwembamba zaidi utateleza ndani. Ndani ya winchi kuna pini ndogo zilizowekwa makusudi zikatike mzigo ukizidi. Hakikisha ziko zile halisi. Kuna wanaoweka kipande cha msumari au bolti badala yake. Mashine ya namna hiyo haitakuonya, itakatika waya kwanza.

Petroli na oili

Injini ya msumeno haina oili yake ndani, inalainishwa na petroli iliyochanganywa. Kwa oili nzuri ya tustroki kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1: mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa lita 5. Mwenye mashine akikwambia anatumia oili ya kawaida ya tustroki kwa 25 kwa 1, weka mililita 40 kwa lita. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa jicho. Oili ikipungua pistoni inakwama na utailipa injini. Ikizidi, plagi inaloa na msumeno unagoma kuwaka. Oili ya mnyororo inaingia kwenye tangi la pili, ijaze kila unapojaza petroli. Jaza injini ikiwa imezimwa na imepoa kidogo, na kawashie mita tatu mbali na dumu.

Kukodi kwa siku mara nyingi kunahesabiwa asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo uchimbaji wote ufanyike siku iliyotangulia, kabla kifaa hata kimoja hakijafika.

Siku ya kwanza: kuchimba na kukata mizizi

Mimina maji jioni ya kuamkia siku hiyo, pipa moja la lita 200 polepole kuzunguka shina, mawili kama udongo ni mgumu. Mwisho wa masika ndio wakati mzuri zaidi wa kazi ya mkono, udongo umelowa hadi chini. Lakini kama mpango wako ni mashine kubwa na udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, subiri kiangazi, la sivyo mashine itazama na utakodi nyingine kuivuta.

Chora duara umbali wa sentimita 70 kutoka kwenye shina. Chimba mtaro kufuata duara hilo, upana wa sentimita 40 hadi 50 na kina cha sentimita 60. Upana huo si wa urembo: shoka linahitaji nafasi ya kupita. Mizizi mingi minene ya pembeni utaikuta ndani ya kina hicho.

Safisha kila mzizi udongo, kisha ukate mara mbili, ukingo wa ndani wa mtaro na ukingo wa nje, utoe kipande chote. Ukikata mara moja tu, ncha mbili zitabanana wakati wa kuvuta. Tumia shoka au msumeno wa mkono. Msumeno wa mashine usiuingize kwenye udongo: mchanga unamaliza makali kwa sekunde, na ncha ya upanga ikigusa jiwe inarushwa juu usoni mwako. Kwenye ardhi ya matumbawe, kama baadhi ya sehemu za pwani za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, mizizi imejipenyeza kwenye nyufa za mawe, na huko tindo na nyundo vitafanya kazi kuliko shoka.

Mti ukiwa bado mzima umesimama, usikate mizizi ya pande zote. Acha ile ya upande unaotaka uangukie na ile ya upande wa nyuma mpaka kamba iwe imefungwa. Na hata ile ya pembeni ikate asubuhi vifaa vinapofika, si siku ya kuchimba, maana mti uliokatwa mizizi hauachwi usiku kucha. Upepo wa alfajiri hausubiri ratiba yako.

Njia ya kwanza: kuvuta mti mzima na mizizi yake

Penye uwazi wa kutosha, hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi, kwa kuwa uzito wa mti wenyewe ndio unaong'oa kisiki.

Funga mkanda kwenye shina nusu ya urefu wa mti au pale ngazi inapokufikisha salama, mita nne au tano zinatosha kwa mti wa mita 10. Nanga iwe mti mwingine hai, mnene kuliko huu, na mkanda wake ukae chini karibu na udongo. Mti ukiwa na urefu wa mita 12, winchi na mtu wake wasiwe karibu zaidi ya mita 18. Hapo utagundua kwamba waya wa mita 20 hautoshi, hivyo refusha kwa mnyororo au waya mwingine wenye uwezo ule ule. Kama nafasi haipo, funga kapi kwenye nanga ili waya ugeuke, na mtu asimame pembeni kabisa ya njia ya mti.

Kaza waya mpaka uache kuning'inia. Tupia gunia lenye mchanga kidogo katikati yake, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka kama fimbo. Kisha, waya ukiwa umekaza, kata mizizi ya upande wa nyuma. Mtu mmoja tu mtaroni, wengine mbali. Toka. Vuta mapigo kumi, simama, tazama udongo upande wa nyuma. Ukianza kupasuka na kuinuka, endelea. Usipoinuka na mpini umekuwa mzito kwa mtu mmoja, usiongeze mtu wa pili kwenye mpini: kuna mzizi hujaukata, na mara nyingi ni ule wa katikati unaokwenda chini. Legeza, chimba, ukate.

Ukihitaji nguvu zaidi, peleka kapi kwenye mti unaovutwa, waya utoke winchi, uzunguke kapi, urudi kwenye nanga. Winchi ya tani 1.6 sasa inavuta karibu tani 3.2 pale kwenye mti, kwa mwendo wa nusu. Mkanda unaoshika kapi unabeba mzigo wote huo, ndiyo maana kapi na mkanda lazima viwe na uwezo mara mbili.

Mti ukishalala, kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Donge la mizizi limesimama wima pembeni ya shimo lake, likivutwa na uzito wa shina. Ukikata shina, donge linaweza kurudi shimoni kwa kishindo, na yeyote aliye ndani au nyuma yake anafukiwa. Watoto hupenda kuingia humo kuchungulia. Funga donge kwa waya kwenye nanga, au ukate matawi na shina kutoka kileleni ukirudi, ukiacha mita mbili mwisho, kisha uvute kisiki kizima kitoke kabisa.

Njia ya pili: kuangusha kwa msumeno, ukiacha shina refu

Funga kamba juu, upande wa kuangukia, mtu ashike au winchi ikaze kidogo. Safisha njia mbili za kukimbilia, kila moja ikielekea nyuma kwa mshazari. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, maana shina huweza kurusha kitako huko.

Kwenye urefu wa kifua au kidogo chini yake, ambapo msumeno hauzidi mabega yako, kata mdomo upande wa kuangukia: mkato wa juu ukishuka kwa mshazari wa nyuzi 60 hivi, wa chini ukiukuta sawasawa. Kina cha mdomo kiwe robo ya unene, yaani sentimita 7 kwa mti wa 28. Mikato miwili ikipitana, bawaba, yaani ukanda wa mbao usiokatwa utakaobaki kati ya mdomo na mkato wa nyuma, itakuwa imekatwa upande mmoja na mti utageuka.

Sasa nenda nyuma. Mkato wa nyuma uwe wa kulala, sentimita 3 hadi 5 juu ya kona ya mdomo. Ukishaingia kiasi cha kutosha nafasi ya kabari, chomeka kabari. Acha bawaba yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya mti, sentimita 3 kwa mti huu. Bawaba ndiyo inayouongoza mti, ukiikata yote mti unaangukia utakako wenyewe. Gonga kabari, mti ukianza kwenda toa msumeno, uzime, ondoka.

Robo ya juu ya ncha ya upanga isiguse kitu chochote. Ikigusa, msumeno wote unapigwa kurudi kwako. Na mti ulioinama mbele usiukate kwa njia hii, hasa mkaratusi: utapasuka wima kabla hujamaliza, na ubao uliopasuka unarushwa nyuma kifuani kwa mkataji.

Ukikata magogo, kumbuka uzito. Mkaratusi mbichi unakaribia uzito wa maji: kipande cha unene wa sentimita 30 na urefu wa mita moja ni kilo 70 hivi, na cha sentimita 50 kinakaribia kilo 200. Gogo lililoegemea ncha mbili kata kwanza theluthi ya juu, kisha malizia kutoka chini. Lililoning'inia upande mmoja fanya kinyume chake.

Kisha funga mkanda juu kabisa ya shina lililobaki, chonga mfereji mdogo usiteleze, vuta kama njia ya kwanza.

Kisiki kilichokwisha kukatwa chini

Hapa mtaimbo haupo, basi tafuta kiinuo. Chimba mtaro ule ule, kata mizizi, kisha pitisha mnyororo chini ya mzizi mnene, uufunge kwenye gogo imara lililolala juu ya kisiki. Chini ya kila ncha ya gogo weka jeki ya lori ya tani 10 juu ya vipande vya mbao pana ili isizame. Pandisha kidogo huku, kidogo kule. Kisiki kikipanda sentimita tano, ingiza mawe chini yake kabla ya kuendelea, na mkono usiingie chini hata mara moja.

Visiki vikiwa vitatu au zaidi, hesabu inageuka. Kodi beko, ile mashine ya kuchimba yenye ndoo, na opereta wake. Pima geti, upana wa mita 3 ndio wa kufanyia kazi bila kubomoa nguzo. Kubaliana mapema mambo manne: bei ya saa, idadi ya chini ya saa, nani analipa usafiri wa mashine, na nani analipa dizeli. Andika namba ya mita ya saa mashine inapoanza na inapomaliza, mbele ya opereta. Weka rangi kwenye kila kisiki, na kijiti chenye bendera nyekundu kwenye bomba na shimo la maji taka. Kisiki cha sentimita 50 kinachukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Mwambie opereta achimbe pande tatu akikata mizizi kwa meno ya ndoo kabla ya kusukuma. Akisukuma kwanza, ataegemeza mashine ya tani saba au nane kwenye kisiki na kupasua udongo hadi chini ya ukuta wako. Ukuta ukiwa umbali usiofika mita mbili kutoka kwenye kisiki, kata mizizi ya upande huo kwa mkono kabla beko haijafika.

Mashine ya kusaga visiki ipo kwa wakodishaji wachache wa miji mikubwa. Ni nzuri penye ukuta karibu, lakini inasaga sentimita 20 hadi 30 tu chini ya ardhi, kwa hiyo inafaa bustani na sehemu ya kuegesha gari, haifai mahali pa msingi.

Kama huna haraka, ua kisiki. Kata upya kipande chembamba juu, na ndani ya dakika tano paka kwa brashi kiuagugu chenye glifosati kwenye duara la nje, lile eneo bichi lililo chini ya gamba. Katikati ni mbao iliyokufa, huko dawa inapotea bure. Fuata kipimo cha visiki kilichoandikwa kwenye lebo, vaa glovu za mpira, usipake mvua ikinukia. Chipukizi litakalotokea kata na upake tena. Kisiki kikifa, toboa matundu, tia mbolea ya urea au CAN, funika kwa udongo wenye unyevu. Bado kitachukua miaka kuoza. Chumvi usitie, unaua udongo wako na kisiki kinabaki.

Moto unafaa shambani tu, kwa kisiki kilichokauka miezi kadhaa. Toa kitako cha debe, lisimamishe juu ya kisiki, jaza mkaa, washa, ongeza kadiri unavyopungua. Petroli usimimine kamwe, na kisiki kilichotiwa mbolea usikichome. Moto hutembea ndani ya mizizi kwa siku nyingi bila kuonekana, kwa hiyo karibu na nyumba, paa la makuti au bomba la plastiki njia hii isitumike.

Shimo lililobaki

Toa mizizi yote iliyokatika, hata midogo ya unene wa kidole gumba. Mbao iliyofukiwa huoza na kuacha utupu, na kabla ya hapo huita mchwa ambao kituo chao kinachofuata ni fremu za milango yako. Rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, lowesha kidogo, shindilia kila tabaka mpaka kisigino cha buti kisiache alama, kisha ongeza jingine. Udongo uliotoka hautatosha, maana kisiki kimeacha nafasi yake, agiza toroli kadhaa za changarawe au moramu. Mwisho acha kilima cha sentimita 10, mvua itakishusha.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, usijenge juu yake haraka. Mti mkubwa ulikuwa unanyonya maji na kuukausha udongo huo. Ukiondoka, udongo unanywa maji tena na kuvimba, na msingi uliowekwa mapema huinuliwa ukapasuka. Acha angalau msimu mmoja kamili wa mvua upite, na kama nyumba tayari ipo karibu na mti, muulize mhandisi kabla ya kukata.

Winchi irudishe ikiwa imefutwa udongo na waya umepakwa oili, msumeno ukiwa umesafishwa filta na tangi limemwagwa. Kagua vyote mbele ya mwenye mali, na uondoke na risiti ya dhamana yako mkononi.